Mikono ya Nyuma ya Gari la Kliniki

Pale kona ya Makongeni, hatua chache kutoka Jogoo Road, kuna benchi la mataruma ya reli: magogo mawili meusi, yamekunywa mafuta miaka na miaka, mazito hata mwizi aliyatazama akayaacha. Liko mbele ya kibanda cha Idarusi, mtu wa Lamu anayeuza kahawa chungu yenye tangawizi, na ukimwomba maziwa anakutazama kama umemtukania mama. Wenye benchi ni watatu. Kuna Muturi, anayeitwa Diwani kwa kuwa aliwahi kusimama udiwani akapata kura kumi na tisa, na hata leo hajajua mkewe alimpigia nani. Kuna Patrobas, dereva wa basi aliyestaafu, anayeitwa Breki kwa sababu hadithi zake zote huanza na breki kukatika. Na kuna Tobias, ambaye mtaa mzima humwita Stimu. Alikuwa fundi wa karakana ya reli miaka thelathini na moja, kazi yake injini za moshi, hizo za stimu, mpaka juzi hapa, mwaka huu wa themanini, injini zenyewe zilipolazwa na yeye akalazwa nazo. Jumamosi hiyo saa nane mchana walikuwa hapo wote. Mbele yao lilisimama gari la kliniki, refu, jeupe lililogeuka rangi ya vumbi, na Dirie dereva wake alikuwa chini yake anakaza nati za mwisho.

Gari hilo halikuwa jambo la mchezo, ndiyo maana hata Diwani alikuwa amepunguza sauti. Kila mwezi hutoka Nairobi na dawa, likapita Isiolo, likaingia kule kwenye mawe na mito mikavu kutafuta wajawazito na watoto wa kudungwa sindano. Ekseli yake ya nyuma haishikwi na springi za bapa kama za lori. Inashikwa na vyuma viwili virefu, kimoja kila upande, vinavyotoka kwenye chasisi vikaenda nyuma kuikamata isikimbie. Mafundi huviita mikono. Basi mwezi wa pili mkono mmoja ulikatika katikati ya mto mkavu wa Merille, gari limebeba mama mwenye uchungu wa uzazi. Walikaa juani saa tisa nzima wakingoja lori. Mama yule hakufika hospitali, wala mtoto wake.

Dirie alipoyasimulia hayo hapo benchini, kahawa ilipoa vikombeni na hakuna aliyekumbuka kunywa. Ndipo Tobias, ambaye tangu astaafu hakuna mtu aliyemwomba hata akaze msumari, aliposema, "Hiyo mikono nitaitengeneza mimi. Na haitavunjika." Alisema mbele ya watu, kwa sauti. Leo mikono ilikuwa imefungwa, gari linaondoka saa tisa, na Jumatatu ni siku ya kliniki huko mbali.

— Stimu, akasema Patrobas, mimi nimeendesha basi miaka ishirini na mbili. Vyuma nimeviona. Lakini hivi vyako, bwana, hivi si mikono. Hivi ni mapaja.

— Chuma kizima hicho, Tobias akajibu. Si paipu. Wale waliotengeneza ule wa kwanza huko magereji walitumia paipu ya maji. Paipu ya maji kazi yake ni maji.

— Kabisa, akasema Diwani. Ndiyo wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Si imeingia kwa paipu?

Idarusi alicheka mpaka akamwaga kahawa kidogo. Tobias hakucheka. Alikuwa ameweka mkono wa tatu, wa akiba, kando yake pale benchini, juu ya gunia, na kila mara aliupapasa bila kujua kwamba anaupapasa. Wiki tatu alikuwa ameishughulikia kazi hii. Chuma alikichagua mwenyewe kwa wauza vyuma chakavu, akapita akigonga kimoja kimoja na kusikiliza, mpaka akakuta fito nene ambayo zamani ilikuwa ya breki za injini. Mwanawe, aliyemkaribisha nyumbani kwake, alikuwa ameanza kuulizia kama mzee yuko sawa, maana alikuwa anaamka kabla ya king'ora cha karakana, anavaa ovaroli, anatoka.

— Lakini hebu niambie, akasema Patrobas, ule wa kwanza ulikatikaje hasa? Mimi nasema ni breki. Dereva akikanyaga breki kwenye mteremko na gia iko ndani, nguvu yote inarudi nyuma, inatafuta pa kutokea. Mwaka wa sitini na nane nikiwa nateremka Limuru, breki ikakatika...

— Tumeisikia, wakasema Diwani na Idarusi pamoja.

— Si breki, akaendelea Diwani. Ni joto. Chuma ni kama mtu. Amezaliwa hapa Nairobi, baridi ya Julai, amezoea uji asubuhi. Siku moja unambeba unamtupa Merille. Atafanya nini? Atazimia tu.

— Chuma kinazimia?

— Kwani umeshaulizwa na chuma? Nyamaza basi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki ametoka wapi, Diwani, na hapa tunazungumza gari?

— Ametoka kwenye joto! Samaki anaharibika wapi kama si kwenye joto?

Idarusi alikuwa anasuuza vikombe kwenye ndoo. Akakung'uta mkono, akasema taratibu kwa ile sauti yake ya pwani:

— Nyinyi mwatafuta mbali. Chuma kile hakikusomewa hata dua moja. Kwetu, chombo hakitoki kwenda baharini mpaka kisomewe. Nyinyi mwachomelea, mwapaka rangi, mwasema nenda.

— Halafu hiyo paipu, akasema Patrobas, mimi nimesikia ilitolewa mtaa fulani maji hukatika kila Jumatano. Fikiria hilo. Chuma kimezoea kukatika tangu utoto.

— Haiya! Hilo nalo ni neno, Diwani akakubali. Na tena huenda kiliwahi kumwua mtu kabla. Chuma kikishajua njia ya damu...

— Wacha hayo, akasema Tobias.

Alilisema polepole, lakini wote wakakumbuka kuwa kuna mtu alikufa kweli. Chini ya gari spana ya Dirie ikagonga mara mbili, ikatulia.

— Kilikatika kwa sababu kilitengenezwa na mtu asiyejua kazi, Tobias akasema. Basi. Hakuna dua, hakuna Jumatano. Tazameni hapa.

Akauinua ule mkono wa akiba, akauweka magotini. Kila mwisho wa fito kulikuwa na jicho, tundu la duara lililochongwa likang'aa, na ndani ya tundu bushi, yaani pete ya shaba, njano kama samli. Akatoa pini mfukoni, akaipaka grisi kidogo, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia polepole, bila sauti.

— Haichezi, akasema. Shika, Breki. Tikisa.

Patrobas akatikisa.

— Haichezi hata unywele! Ala!

— Mwanzoni humu mlikuwa na nini? Mpira. Mpira kama wa ndala za patipati! Unashikilia ekseli ya gari la wagonjwa kwa patipati! Nikautoa nikautupa. Kule karakana, fimbo inayounganisha magurudumu ya injini ilikuwa na bushi ya shaba, na inspekta akipita anaishika hivi. Ikigonga kidogo tu, anakurudishia mbele ya wenzako. Mimi katika miaka thelathini na moja sikurudishiwa hata moja.

Hapo aliinama akaifuta bushi ambayo haikuwa na vumbi, na Diwani, ambaye si mtu mbaya ila mdomo, akaliona hilo akamwokoa kwa kelele.

— Basi mnasikia? Fito hiyo imetoka kwenye injini ya moshi! Imepanda mlima kutoka Mombasa mpaka hapa mara elfu ngapi! Imebeba ng'ombe, imebeba chai, imebeba magavana. Hiyo inajua safari yenyewe. Dirie! Dirie wee! Ukifika Isiolo wachilia usukani, chuma kitakupeleka!

— Reli haifiki Merille, akasema Patrobas.

— Itafika tu. Penye nia pana njia.

— Angalau hiyo imekaa mahali pake.

— Mimi methali zangu zote hukaa mahali pake. Ni nyinyi mnaohamahama.

Dirie alijitoa chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara, akaja kuchuchumaa karibu na jiko la Idarusi. Ni mtu mrefu, mzaliwa wa Isiolo, hasemi sana. Alikuwa ameikaza mikono yote miwili, akasema, na imekaa. Alimtazama Tobias, akaongeza kwamba tangu Merille hajalala vizuri, lakini leo pengine atalala. Tobias akainamisha kichwa. Hajaambiwa neno kubwa kama hilo tangu siku ya kuagwa karakana, na siku ile walimpa saa ya mezani, hawakumwambia kitu.

Ndipo akaja mwanamke amebeba sanduku la barafu la chanjo, amejitanda sweta juu ya sare nyeupe. Alikuwa Teresiah, muuguzi wa lile gari. Dirie alikuwa akimtaja sana, ila kijiweni hapo hakuwahi kufika. Kina Diwani wakasogea, benchi likapata nafasi.

— Karibu, Sista, akasema Idarusi. Kahawa?

— Asante, mzee. Nusu kikombe tu, tunaondoka. Yule fundi ni nani kati yenu?

— Ni huyu! akasema Diwani. Stimu! Fundi wa serikali!

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimekuja kukiona hicho chuma. Mimi ndiye ninayekikalia.

Alisema hivyo tu, hakukusudia kumchoma mtu. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma siku ile, kiganja chake ndicho kilichokuwa juu ya tumbo la yule mama. Tobias akamkabidhi ule mkono wa akiba kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko Teresiah alivyotarajia, akaketi akaulaza mapajani. Akapitisha kidole kwenye jicho la kwanza, akazungusha pole pole. Akaenda jicho la pili, akazungusha. Watu walikuwa wanangoja asifu.

— Mzee, akasema, gegedu iko wapi hapa?

— Nini?

— Gegedu. Ukila goti la mbuzi, si kuna kile cheupe laini mwisho wa mfupa?

— Kile kitamu! akasema Diwani.

— Hicho. Mungu hakukutanisha mfupa na mfupa hivi hivi, katikati aliweka kitu kinachokubali. Wako wazee wanakuja kliniki, hicho kimeisha, goti haliendi popote. Sasa hapa naona mfupa, halafu tena naona mfupa.

— Sista, hiyo ni shaba, akasema Patrobas kwa upole wa kumfundisha mtoto. Imechongwa kwa mashine. Haichezi.

— Naona haichezi. Lakini kule tunakokwenda gurudumu moja linapanda jiwe la kiunoni, na lenzake liko shimoni. Mimi nikiwa nyuma nashika kitanda nisianguke. Gari lote linajipinda. Nauliza tu, hapa litajipinda wapi?

Diwani alifungua mdomo. Kila mtu alimwona akiufungua, na kila mtu alingoja methali. Haikutoka. Patrobas alianza, "Unajua, breki..." akaishia hapo hapo. Kisha wote wakamtazama Tobias, maana hilo lilikuwa swali lake, na wao waliamini kabisa kuwa jibu analo.

Tobias hakuwa nalo. Alitazama lile jicho la shaba mapajani mwa Teresiah, na miaka yake yote ikampitia hapo kwa mara moja. Injini ya moshi ina magurudumu makubwa kuliko mtu, lakini haijawahi kupanda jiwe. Mbele yake walitangulia watu elfu, wakapasua mlima, wakajaza bonde, wakalaza taruma, wakapima kwa pima maji, ndipo yeye akapitisha magurudumu yake, la kushoto na la kulia sawasawa kama macho ya mtu. Kule kugonga kidogo ni aibu. Hakuwahi hata siku moja kutengeneza kitu cha kwenda mahali ambapo hakuna aliyetangulia kusawazisha. Na ule mpira alioutupa akiucheka!

— Dirie, akasema. Washa gari.

— Tunaondoka, mzee?

— Hapana. Unaona yale mawe ya ujenzi kando ya mtaro? Panda nayo. Gurudumu la nyuma la kulia liwe juu ya mawe. La kushoto liache mtaroni.

— Stimu, ya nini? akasema Diwani. Gari limeshafungwa, watu wana safari.

— Panda, Dirie.

Dirie akapanda. Gari likanguruma, likainua tako la kulia taratibu juu ya mawe, na watu waliokuwa wanapita wakasimama kutazama. Upande wa kushoto ungetazamiwa kushuka ukanyage mtaro. Haukushuka. Gurudumu likabaki linaning'inia. Teresiah akaenda akapitisha kiganja chini ya tairi, kikapita chote bila kugusa kitu.

Tobias akavua koti, akalikunja, akalikabidhi kwa Patrobas. Akalala chali juu ya kokoto, mzee wa miaka hamsini na tisa, akajivuta ndani mpaka kichwa kikawa pale mkono unapoingia kwenye chasisi.

— Mbele kidogo, akaita. Simama. Rudi. Tena.

Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya pili rangi ya bano, kile kipande cha chuma kilichochomelewa chasisi kushika mkono, ikachanika mstari mwembamba. Mara ya tatu mstari ukafunguka. Akauwekea ukucha wa kidole gumba, ukucha ukaingia. Dirie alipoliachia gari, ufa ukajifunga, ukaubana ukucha wake. Fito haikupinda wala kukwaruzika. Ilikuwa nzima kama alivyoahidi, na ndiyo iliyokuwa inang'oa chasisi.

Akabaki hapo chini. Grisi ilimdondokea shavuni hakuifuta. Kutoka juu alizisikia sauti za wenzake.

— Imeshika! Diwani alikuwa anawaambia wapita njia. Mnaona ilivyosimama? Gari lenu lingekuwa limeshalala! Hicho ni chuma cha reli!

— Lakini gurudumu liko hewani, mtu akasema.

— Ndiyo raha yake! Hata chini halihitaji!

— Stimu! akaita Patrobas. Sema basi, imeshika?

Jamani, mtu asidanganywe kuwa kusema kweli ni rahisi. Ufa ulikuwa umejifunga. Gari likishuka kwenye mawe, rangi ingerudiana, na hakuna jicho duniani lingeuona ila lake. Labda lingefika. Ufa mdogo vile hufika Isiolo, hufika hata Laisamis mbele ya Merille, watu wakahudumiwa, gari likarudi, akalitengeneza kimya kimya wiki ijayo na kuendelea kuitwa fundi. Labda. Na juu pale kulikuwa na wanaume waliokuwa wamemweka mahali ambapo tangu astaafu hakuna mtu mwingine aliyemweka. Aliona aibu kabla hata hajasema kitu, aibu ya kuwaka masikio, akatamani chuma chochote kingine kiwe kimevunjika, hata mguu wake.

— Stimu! Umelala huko?

Akajivuta nje. Alikaa kitako kwenye kokoto kwanza, akapumua.

— Imepasuka, akasema.

— Nini imepasuka?

— Chasisi, pale bano linaposhika. Imepasuka hapa hapa Makongeni, juu ya mawe ya ujenzi.

Kijiwe hakiwezi kumwona mwenzao chini kikamwacha.

— Huo ufa ulikuwepo, akasema Patrobas haraka. Gari hilo limechakaa. Ulikuwepo tangu enzi za Mzungu.

— Ni Dirie, akasema Diwani. Samahani Dirie, lakini umepanda kwa nguvu. Mimi nimekuona.

Dirie akashuka garini, akafunga mlango.

— Ni jicho, Idarusi akasema. Watu wote hawa kusimama kushangaa. Kitu kizuri chapasuliwa na jicho.

— Na mawe yenyewe, Diwani akaendelea, si mawe ya Merille. Merille kuna mchanga. Mchanga unabembeleza. Ajali haina kinga, Stimu, hapa sasa ndipo mahali pake, ajali haina...

— Ni mimi, akasema Tobias.

— Hapana bwana, usijitie...

— Diwani, ni mimi. Nilitoa mpira nikaweka shaba. Hakuna aliyeniambia. Nilijua chuma, nikadhani najua na njia.

Diwani akaenda akaketi kwenye benchi, akatazama viatu vyake.

Teresiah alikuwa amesimama na kile kikombe chake cha nusu, hajakinywa.

— Itachukua muda gani, mzee?

— Kuitoa yote miwili. Kuyapanua macho kwenye mashine, na leo ni Jumamosi, mashine zimefungwa mpaka Jumatatu. Kutafuta mpira wa kutosha, mgumu. Kuchomelea chasisi upya na kuipa nguvu. Jumanne jioni.

— Kliniki ni Jumatatu.

— Najua.

— Wako kumi na mmoja wanaokaribia kujifungua. Wengine wametoka makwao tangu jana kwa miguu, ili watukute.

— Najua, mwanangu.

Lakini hakuwa anajua kuwa ni kumi na mmoja. Teresiah akatazama saa yake. Saa kumi misheni yenye gari hili huzungumza na kule kwa redio, akasema, na lazima apeleke ujumbe, kule watafute namna, waazime hata lori la maduka kwa wale walio karibu zaidi. Akatoa daftari dogo na kalamu.

— Niseme tumechelewa kwa nini?

— Sema mvua, akashauri Diwani kwa sauti ndogo. Mvua haina mwenyewe.

— Kule hakujanyesha tangu Desemba, akasema Dirie.

— Sema mafuta ya gari yamekosekana, Patrobas akasema. Hilo watu huliamini.

— Sema fundi amekosea, akasema Tobias.

Teresiah akainua macho.

— Niandike hivyo?

— Hivyo hivyo. Fundi amekosea, gari haliwezi kuondoka, litaondoka Jumanne. Na uandike jina.

Hakuandika mara moja. Alishika kalamu tu, na aliposema, alisema na Tobias peke yake, ingawa wote walimsikia.

— Mume wa yule mama alikuja kliniki baada ya matanga. Hakulia, hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja: nani alitengeneza kile chuma? Nikamwambia nitamtafutia. Niliporudi Nairobi nilizunguka gereji zote nilizotajiwa. Huyu akanionyesha yule, yule akanielekeza kwa mwingine. Mpaka leo sijampa jina.

Idarusi alikuwa ameacha kusuuza. Jogoo Road iliendelea na magari yake, na gari la kliniki lilibaki vile vile juu ya mawe, tairi moja hewani.

— Tobias Nyangweso, akasema yule mzee. Makongeni, mlango wa kumi na sita, kwa mwanangu. Andika kwa herufi kubwa, Sista, wasije wakalikosea redioni.

Teresiah akaandika.